Njia za Pembeni Kusini mwa Nairobi: Ushauri kwa Kikundi cha Waendesha Pikipiki

Kikundi kinachotoka Nairobi kwa pikipiki siku ya Jumapili kikielekea upande wa Magadi kwa kawaida hufuata utaratibu uleule: Kiserian kujaza petroli, Kona Baridi kupiga picha, Olepolos kula nyama choma, kisha kurudi mjini kabla ya giza kuingia. Sina neno na safari hiyo, kwani mandhari ya Bonde la Ufa kutoka pale juu hayachoshi na nyama yenyewe ni nzuri. Hata hivyo, mtu anayetamani kuendesha saa nzima kwenye njia ya vumbi bila kupishana na gari hata moja hahitaji kusafiri hadi Turkana au Marsabit. Njia za namna hiyo ziko Kajiado na Narok, nyingine zikiwa mwendo wa saa mbili tu kutoka katikati ya jiji, na wengi wetu hatuzijui kwa sababu kila njia ina wenyewe, nasi hatujawahi kuwauliza.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa maana ushauri mwingi unaotolewa kuhusu safari hizi huanza na aina ya pikipiki na aina ya tairi. Kwa maoni yangu hayo ni mambo ya baadaye. Nimeona pikipiki ndogo za kawaida, zile zinazobeba maziwa na magunia ya makaa, zikipita mahali ambapo mashine za bei ghali zilikuwa zimelala ubavu. Kinachokupa njia tulivu ni kuisoma nchi kabla ya kuondoka, kuzungumza na watu wanaoishi humo, na kuwa na kikundi kidogo kinachoweza kupokewa bila kuwashtua wenyeji.

Tuanze na kuisoma nchi. Idara ya Upimaji pale Ruaraka, kando ya barabara ya Thika, imekuwa ikiuza ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, na ingawa nyingi zilichorwa miongo kadhaa iliyopita, bado zina manufaa ambayo simu haina: zinaonyesha mabwawa, visima na mabonde ya mito ya msimu. Katika nchi ya wafugaji, njia hufuata maji. Ukijua bwawa liko wapi, unajua kwamba njia kadhaa zitakutana hapo. Baada ya karatasi, fungua picha za setilaiti na uzitazame kwa utulivu. Njia ya ng'ombe huonekana kama nyuzi nyingi nyembamba zinazokaribiana kila zinaposogelea maji na kutawanyika tena zikiyaacha, ilhali njia ya magari ni mistari miwili inayokwenda sambamba. Pikipiki hupita kwenye zote mbili, lakini ile ya kwanza haina hakika ya kutokea upande wa pili.

Kuna mistari mingine miwili ambayo mimi huitafuta. Wa kwanza ni njia za mafundi wa umeme chini ya nyaya kubwa zinazokutana katika kituo cha Suswa; njia hizo hazina uzuri wa kujivunia, lakini aghalabu hukuvusha kutoka bonde moja hadi jingine. Wa pili ni njia inayoandamana na reli ya zamani iliyojengwa kwa ajili ya kusafirisha magadi, ambayo huachana na reli kuu pale Konza, ikapita Kajiado na kuteremka hadi Magadi. Ninazungumzia njia ya kando. Kupanda juu ya reli yenyewe au kuvuka madaraja yake kwa pikipiki ni upumbavu, na kikundi kinachofanya hivyo hakinihusu.

Hata hivyo, picha ya setilaiti hupitwa na wakati haraka sana upande wa Kajiado, na inafaa kuelewa sababu yake. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilisajiliwa kama ranchi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1968, na katika miongo iliyofuata ranchi nyingi ziligawanywa, kila mwanachama akapewa hati ya kipande chake. Hati ikishatoka, ua hufuata, na ua ukishasimama, njia iliyotumiwa na mifugo na magari kwa miaka mingi hukatika. Ndiyo maana utapata njia nzuri, pana na iliyokanyagwa vizuri, ikiishia kwenye lango la matawi ya miiba. Lango hilo si takataka za kusogezwa kwa mguu. Limewekwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi yuko mahali anapokuona wewe usipomwona yeye. Zima injini, vua helmeti, usubiri. Katika safari zangu ni nadra kusubiri dakika kumi bila mtoto au mchungaji kutokea kutoka vichakani.

Binamu yangu anayeishi Minnesota, Marekani, huendesha pikipiki za theluji wakati wa baridi, na nilipomsimulia habari za lango la miiba alicheka, akasema huko kwao mambo ni hayohayo. Njia nyingi za theluji hutunzwa na vilabu vya waendeshaji, na sehemu nyingi hupita katika mashamba ya watu binafsi ambao wamekubali tu kwamba wageni wapite. Mwendeshaji mmoja akitoka nje ya alama na kuharibu mazao yaliyolala chini ya theluji, mwenye shamba ana haki ya kufunga njia, na klabu nzima italazimika kutafuta mzunguko mwingine. Tofauti ni kwamba wao wana alama na ramani zilizochapishwa, na sisi tuna wazee.

Na wazee ni bora kuliko ramani. Safari moja tulikuwa tumeshuka upande wa nyuma wa vilima vya Ngong, tukitafuta namna ya kufika maeneo ya Oltepesi bila kugusa lami. Kwenye picha tulikuwa tumeona njia iliyonyooka vizuri kabisa. Tulisimama kwenye bwawa ambalo maji yake yalikuwa yamebaki katikati tu, tukamsalimu mzee aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake. Alimaliza kwanza kazi yake, jambo ambalo kikundi chenye haraka kisingelivumilia, kisha akaja kutuuliza tunatoka wapi na tunamtafuta nani.

"Hatumtafuti mtu, mzee. Tunatembea tu, tukijifunza njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

Tulipomwonyesha, alitikisa kichwa. Njia tuliyoiona, alisema, inaingia moja kwa moja kwenye boma lenye ndama wadogo na mbwa wakali, na pikipiki zikipita pale ng'ombe watavunja ua. Kisha akachukua fimbo yake, akachora kwenye udongo mkavu njia nyingine iliyoachwa na malori ya mchanga, inayozunguka kilima kwa kushoto na kutokea kwenye mto mkavu. Alichora hata mawe mawili ambayo hatukupaswa kupita katikati yake. Njia hiyo haikuwa katika ramani yoyote tuliyokuwa nayo, na ndiyo iliyotupitisha kwenye kundi la twiga wasiopungua kumi, nje kabisa ya mbuga yoyote, wakitutazama kana kwamba sisi ndio kivutio.

Mbali na wazee, muulize mwendesha bodaboda. Yule wa Kiserian, Kajiado au Duka Moja hubeba watu hadi kwenye maboma yasiyo na barabara, na anajua ni mto upi unaovukika juma hili. Muulize pia siku ya soko la mifugo la eneo lile. Njia iliyo kimya Jumanne inaweza kujaa malori, mbuzi na watu siku ya soko, na kikundi cha pikipiki kinachokatiza katikati ya mifugo inayopelekwa mnadani hakitasamehewa upesi. Ukimwomba bodaboda akuongoze, patana naye malipo kabla ya kuondoka, na uyafanye yalingane na kazi ambayo angeifanya siku hiyo, pamoja na petroli ya kurudi.

Kuhusu ukubwa wa kikundi, nina msimamo mkali: pikipiki sita zinatosha. Zikizidi hapo, vumbi la wa mbele humnyima wa nyuma kuona, kelele huwatawanya mbuzi, na unapoingia kwenye kituo kidogo chenye duka moja na mti mmoja, watu huona uvamizi badala ya wageni. Watu sita wanaweza kunywa chai katika hoteli moja ya mabati. Kumi na watano wanamaliza maziwa ya kijiji. Kikundi kidogo pia hurahisisha utaratibu wa kuachiana kona, ambao ninaupendekeza kwa kila mtu: kiongozi akifika njia panda, anayemfuata husimama hapo na kubaki mpaka mtu wa mwisho amwone, kisha huungana na msafara mbele ya yule wa mwisho. Kwa namna hiyo hakuna anayelazimika kukimbizana ili asipotee, na kila mmoja anaweza kuacha nafasi ya kutosha vumbi litue. Mtu wa mwisho awe mzoefu kuliko wote baada ya kiongozi, naye ndiye abebe pampu, tyubu na vifaa vya kuziba pancha, maana miiba ya migunga haina simile.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena mvua za vuli zinapoanza Oktoba, udongo mweusi wa nyanda za Kajiado hugeuka ulimbo. Hunasa kwenye tairi, ukajikusanya chini ya madigadi mpaka gurudumu la mbele likatae kuzunguka, na hapo itakubidi uuchokoe kwa kijiti kila baada ya mita mia moja. Ubaya zaidi uko kwenye mito mikavu: mvua inaweza kunyesha juu Ngong nawe uko chini kwenye jua kali, kisha maji yakakukuta mtoni bila wingu lolote juu yako. Usipumzike kwenye mchanga wa mto hata kama ndiko kwenye kivuli. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ninayoiamini.

Kwa kikundi kinachoanza, mimi hupendekeza Suswa. Mlima huo una kimo cha mita 2,356 na kreta mbili, moja ndani ya nyingine. Hifadhi yake inasimamiwa na jamii ya Wamaasai wa pale, kwa hiyo utaratibu wa kuomba ruhusa umekwisha kuwekwa: unalipa ada, unapata kijana wa kukuongoza, na unajifunza namna ya kupokewa kabla hujajaribu mahali pasipo na utaratibu. Utaona jinsi wenyeji wanavyouvuna mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba, ukapoa na kuwa maji ya kunywa. Upandaji wenyewe una vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe, linalofunika mashimo usiyoyaona. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, simama kwenye vikanyagio, tazama mbali, wala usiachie gesi ghafla. Atakayeanguka ataanguka polepole.

Magadi iachwe kwa baadaye. Kutoka Nairobi unashuka zaidi ya mita elfu moja, na joto la bondeni adhuhuri humlegeza hata aliyezoea. Kila mtu abebe maji yake, angalau lita tano, na hesabu ya petroli ifanywe kwa tangi dogo kuliko yote katika kikundi, kwani kwenye mchanga pikipiki hunywa zaidi. Simu hupoteza mtandao nyuma ya vilima, kwa hiyo aliyebaki mjini ajue mnapita wapi na mnatarajiwa saa ngapi. Kumbuka pia kwamba hifadhi nyingi za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, haziruhusu pikipiki, na kwamba kwenye misitu ya serikali ruhusa hutolewa na Huduma ya Misitu, si na mlinzi mnayemkuta njiani.

Limebaki suala la kugawana njia mkishaipata, na hapa najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami. Sisi hatuweki faili ya njia mtandaoni. Tunaihifadhi ndani ya kikundi, pamoja na jina na nambari ya simu ya mtu wa eneo lile, ikiwa mwenyewe ameridhia, na anayetaka kupita humpigia kwanza. Sababu ni kwamba faili haiwezi kumwambia mgeni kwamba tangu mwezi uliopita kuna boma jipya chini ya mtini, au kwamba ng'ombe wanazaa na haifai kupita. Mzee anaweza, tena kwa dakika mbili. Mpigie siku mbili au tatu kabla ya safari, jioni, mifugo ikishaingia bomani, na umuulize mvua imenyesha wapi na lango lipi limefungwa. Akikuambia msubiri hadi wiki ijayo, wapigie wenzako simu usiku huohuo na mpange kwenda upande mwingine.