Kabla Hujalaumu Kidato cha Pili, Rekodi Kipindi Chako

Mwalimu wa Kiswahili yeyote hapa Kenya anaijua "kitabu yangu". Unaisahihisha Jumatatu, Jumanne inarudi imeandamana na ndugu zake: viatu zangu, macho zangu, kiti imevunjika. Kwa miaka minane nililalamika majilisini kama wenzangu. Sheng imewaharibu. Shule za msingi hazifunzi. Watoto wa siku hizi hawasomi. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza mimi hufanya nini mtoto akisema "kitabu yangu" nikiwa nimesimama mbele yake na chaki mkononi. Nilipokuja kujiuliza, jibu lilinivua nguo.

Tuliofunza Kiswahili muda mrefu tukisikia neno utafiti tunawaza tasnifu, msimamizi asiyepokea simu na ada ya chuo. Utafiti wa darasani ni jambo dogo kuliko hilo. Unachagua swali kuhusu yanayotokea ndani ya vipindi vyako, unakusanya ushahidi kwa utaratibu, kisha unausoma bila kujionea huruma. Ukibadilisha kitu katika ufundishaji na kupima tena, hapo unafanya utafiti tendaji. Jina hilo lilianza kuvuma kutokana na maandishi ya mwanasaikolojia Kurt Lewin nchini Marekani mwaka 1946, na mwaka 1975 Lawrence Stenhouse wa Uingereza akashikilia kwamba mwalimu mwenyewe ndiye anayepaswa kulichunguza darasa lake, asingoje mgeni aje kumchunguza. Vitabuni mzunguko wake huchorwa kama duara safi: panga, tenda, tazama, tafakari, anza tena. Katika darasa la wanafunzi 52 unafanana zaidi na njia ya mbuzi.

Mimi nilianza kwa kupotea. Niliandika hojaji ya maswali thelathini nikaigawa kwa Kidato cha Pili. Je, unapenda Kiswahili? Je, unaelewa ngeli? Je, mwalimu wako hufafanua vizuri? Nikasimama mbele yao wakijaza, na majina wameandika juu. Nadhani umeshajua kilichotokea. Karibu wote walikipenda Kiswahili sana, walizielewa ngeli sana, na mwalimu wao alikuwa hodari sana. Wiki hiyohiyo nilisahihisha insha zao nikaona wino mwekundu ukiisha kwenye kalamu. Hojaji ile haikupima nilichodhani inapima. Ilipima adabu. Watafiti wana neno la jambo hili, uhalali: je, chombo chako kinapima kile unachodai kinapima? Mtoto ambaye utamtia alama Ijumaa hawezi kukuambia Jumatano kwamba hakuelewi.

Kosa la pili lilikuwa tamu zaidi kwa sababu lilinipa ushindi. Nilifunza upatanisho wa kisarufi, yaani maneno kuifuata ngeli ya nomino yake, kwa makundi katika mkondo wa Mashariki, na kwa njia yangu ya kawaida katika mkondo wa Magharibi. Mtihani ulipokuja Mashariki wakawapita wenzao. Nikatangaza majilisini. Mwalimu wa Hisabati, mama mmoja asiyependa makelele, aliniuliza tu, "Mwalimu, Mashariki unawafunza saa ngapi?" Saa mbili asubuhi. Na Magharibi? Baada ya chakula cha mchana, siku nne kati ya tano, wakiwa wameshiba githeri na jua linachoma mabati. Hakusema lolote zaidi, akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kundi linganishi ni kitu gani. Ukitaka kudai kwamba mbinu fulani ndiyo iliyoleta tofauti, makundi mawili yafanane katika mambo mengine yote muhimu, la sivyo huwezi kujua umepima makundi au umepima githeri. Darasani ufanano huo ni mgumu kuupata, kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asianze kwa kulinganisha mikondo. Anza na darasa moja, ujue kwanza kinachotokea humo. Kueleza vizuri hali ilivyo ni utafiti kamili.

Swali lako nalo lipunguze hadi uweze kulihesabu. "Kwa nini wanafunzi wangu hawajui Kiswahili?" si swali, ni kilio. Nililichonga mara tatu nne mpaka likabaki hivi: mwanafunzi anapokosea upatanisho akizungumza darasani, mimi hufanya nini, naye hufanya nini mara baada ya hapo? Swali hilo lina mwanzo na mwisho. Mtu anaweza kulisikiliza kwenye rekodi akiwa na penseli mkononi.

Simu niliiweka juu ya kabati la vitabu, karibu na safu ya katikati. Siku ya kwanza darasa zima lilizungumza kama watangazaji wa redio. Hata mimi nilijisikia nikisema "ilhali" na "aghalabu" kupita kiasi. Mwanaisimu William Labov alikwisha kulieleza tatizo hili: tunataka kujua watu huzungumza vipi wasipotazamwa, na njia tuliyo nayo ni kuwatazama. Dawa yake darasani ni subira. Nilirekodi vipindi viwili vya kwanza nikavifuta bila kuvisikiliza. Kufikia cha tatu simu ilikuwa imekuwa sehemu ya kabati, na mmoja wao akaiwekea kifutio juu.

Kuandika yaliyosemwa kwenye rekodi kunachosha. Dakika moja ya sauti ilinichukua karibu dakika kumi, maana watoto husema pamoja, viti vinakwaruza, na mlango wetu hauna komeo. Usijaribu kuandika kipindi chote. Chagua dakika kumi za katikati, au sikiliza chote uandike zile sehemu tu zenye jambo unalolitafuta. Nilikuwa mezani nyumbani, saa nne usiku, nilipoandika haya:

Mwanafunzi: Mwalimu, kitabu yangu imepotea.
Mimi: Kitabu changu kimepotea. Kilipotea lini?
Mwanafunzi: Ilipotea jana.
Mimi: Haya, keti na mwenzako.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemsahihisha vizuri kabisa, kwa sauti ya upole, na kijana hakusikia sahihisho lolote. Alichosikia ni mwalimu anayejali kitabu chake. Akanijibu kuhusu kitabu. Nami, badala ya kugundua kwamba "ilipotea" imenirudia usoni sekunde mbili baadaye, nikamwambia akae. Katika kipindi hicho kimoja nilifanya hivyo mara kumi na nne. Mara tatu tu ndipo mwanafunzi alipolirudia umbo sahihi.

Baadaye nilisoma kwamba nina ndugu wengi. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya watoto waliokuwa wakifunzwa kwa Kifaransa nchini Kanada. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya aina hii ya kulisema upya kosa katika umbo sahihi, na ndiyo yaliyoamsha itikio dogo zaidi: chini ya theluthi moja yalifuatwa na mwanafunzi kujaribu kurekebisha au hata kuonyesha kwamba amesikia. Mwalimu alipomvuta mwanafunzi alitafute umbo mwenyewe, itikio lilikuwa kubwa zaidi. Sisemi Kanada ni Kakamega. Ila nilipoisoma niliona aibu yangu imepungua.

Kabla ya kubadilisha chochote nilimpa mwenzangu wa idara rekodi ileile naye ahesabu makosa. Mimi nilipata 23, yeye akapata 16. Tulibishana chai ikapoa. Kumbe yeye hakuhesabu "hiyo kitu" waliyoambiana wanafunzi wawili wakinong'onezana, kwa kuwa hawakuwa wakinijibu mimi, na "gari yangu" aliiachilia kwa sababu, kwa maneno yake, "hata wewe unaisema". Ni kweli naisema. Basi tuliketi tukaandika kwa sentensi mbili kosa ni nini kwa ajili ya kazi hii: upatanisho usio sanifu katika usemi unaoelekezwa kwa mwalimu au darasa zima. Tuliporudia hesabu, tofauti ikabaki kosa moja. Huo ndio uthabiti unaotajwa kwenye vitabu, kwamba mtu mwingine akitumia kipimo chako apate karibu ulichopata wewe. Ukiruka hatua hii, nambari zako ni maoni yaliyovaa suti.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo. Mtoto akisema "kitabu yangu imepotea", mimi nasema "Kitabu...?" kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda mwanzoni. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakifikisha tatu hivi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Sekunde tatu zinasikika chache hadi usimame mbele ya watoto 52 wanaokutazama. Nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Baada ya wiki nne nilirekodi tena vipindi vitatu. Wanafunzi walikuwa wakijisahihisha mara nyingi kuliko mwanzo, tena wengine kabla sijamaliza kusema "Kitabu...". Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri. Lakini nilikuwa pia na mchoro wa madawati, karatasi moja yenye vijisanduku, ambamo nilitia mkwaju kila mtu aliponyanyua mkono. Ukitaka kifaa kimoja tu cha bei nafuu, chukua hicho. Mchoro ulionyesha kwamba safu ya dirishani ilikuwa imezungumza zaidi, na kwamba msichana mmoja wa dawati la tatu, ambaye hapo awali hakukosa mikwaju miwili kwa kipindi, alikuwa hana hata mmoja kwa wiki mbili.

Rekodi isingeniambia hilo kamwe. Rekodi huhifadhi wanaosema. Niliwapa wote karatasi tupu zisizo na majina, nikatoka nje ya darasa, kiranja akazikusanya. Safari hii niliuliza swali moja: mwalimu akinyamaza ukikosea, wewe huhisi nini? Wengi waliandika kwamba wanapata muda wa kufikiri. Wanne waliandika kinyume. Mmoja wao: "Ukininyamazia naona darasa lote linahesabu kosa langu."

Ndiyo sababu walimu wa utafiti husisitiza kulitazama jambo moja kwa njia zaidi ya moja. Rekodi ilisema nimefaulu, mchoro ukasema kuna mtu nimempoteza, karatasi zikanieleza kwa nini. Sasa hivi nawaacha wajibu kwanza wawili wawili, kisha ndipo nauliza mbele ya wote, na kimya changu nakitumia zaidi kwa wale ninaojua hawakioni kuwa adhabu. Yule msichana alirudi kunyanyua mkono polepole. Sitadai ni kwa sababu hiyo. Huenda alikuwa na shida nyingine nyumbani ikaisha.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi, ingawa wengi huiruka. Sauti ya mtoto ni data ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Nilimwandikia mwalimu mkuu, nikawatumia wazazi barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi, na wanafunzi wenyewe nikawaambia wana haki ya kukataa bila kuulizwa. Wawili walikataa. Sikuandika chochote walichosema. Rekodi nilizifuta nilipomaliza. Ukitaka kugeuza kazi yako iwe tasnifu, chuo kitakuelekeza upate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Fanya hivyo kabla ya kuanza, maana data iliyokusanywa bila kibali huna pa kuipeleka.

Na kumbuka kuwa na daftari. Kila jioni mistari mitano: leo nilinyamaza lini nikajuta, nani alinishangaza, mvua ilipiga mabati saa ngapi. Nilidhani ni mapambo. Lakini niliposhangaa kwa nini rekodi ya Alhamisi moja ina makosa machache sana, ni daftari lililonikumbusha kwamba siku hiyo wenye makosa mengi walikuwa uwanjani kwa michezo.

Lililobaki linanisumbua. Kwa mdomo wamebadilika, lakini insha za mwisho wa muhula, zile za kujizoeza kwa karatasi ya 102/1, ile ya insha katika mtihani wa kitaifa wa Kiswahili wa Kidato cha Nne, hazikuonyesha nafuu niliyoitarajia. Nilichukua insha tatu za yule msichana wa dawati la tatu nikazipitia kwa penseli badala ya wino. Hakuandika "kitabu yangu" hata mara moja. Aliandika: "Kitabu changu ambacho mama alininunulia sokoni siku ya Jumamosi ilipotea." Neno likiwa jirani na nomino, analipatanisha. Nomino ikiachwa nyuma maneno saba manane, anaisahau ngeli yake. Nikafungua insha za wengine kumi nikaanza kuhesabu maneno yaliyo kati ya nomino na kitenzi. Nimefika ya sita.