Kifua kinacholia filimbi: kwa mnaoripoti zahanati za Bagamoyo

Wadogo zangu, kifua cha filimbi mtakutana nacho wiki ya kwanza tu. Msikimbilie kuandika pumu. Muulize kwanza anafanya kazi gani.

Mama wa miaka 55 aliyekaanga samaki kwa kuni kule ufukweni tangu usichana, anayekohoa makohozi kila asubuhi na pumzi kumwishia akipanda kutoka sokoni, huenda hajawahi kuwa na pumu. Moshi wa kuni, kama ule wa sigara, huziba njia za hewa taratibu, nazo hazifunguki tena zote. Pumu huja na kuondoka: usiku inambana, mchana anapiga soga na wenzake. Spirometa, mashine ya kupima pumzi, ingekata shauri, lakini zahanati nyingi hazina, kwa hiyo maelezo yake ndiyo kipimo chako. Akiwa amekohoa wiki 2 au zaidi, makohozi yakapimwe TB, hata kama filimbi unaisikia waziwazi.

Nitakalowasumbua nalo ni pampu ya kuvuta dawa. Ukimuuliza mtu kama anaitumia, atakuitikia ndiyo kwa heshima zote. Mwambie avute mbele yako. Wengi hawaitikisi, au wanabonyeza wakati wameshamaliza kuvuta, dawa yote ikabaki kwenye ulimi. Atikise, atoe pumzi, aibane kwa midomo, abonyeze huku akianza kuvuta polepole, kisha azuie pumzi hadi sekunde 10. Kwa mtoto, toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu lienee mdomo wa pampu barabara. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 1999 ulionyesha chupa hiyo inafanya kazi sawa na spesa ya kununua, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo.

Salbutamoli wanaipenda kwa sababu inafungua kifua ndani ya dakika chache. Ile ya kinga, beklometasoni, wanaiacha wakidhani haifanyi kazi. Hapo kaa naye, eleza, rudia. Na asukutue mdomo kila akivuta, asije akaota fangasi. Mama wa samaki usimwambie aache kukaanga, atakucheka. Mwambie ahamishie jiko palipo wazi, asimame upepo unakotoka.

Mgonjwa wa pumu asiyeweza kumaliza sentensi ni dharura. Filimbi ikinyamaza ghafla naye bado anahangaika kuhema, usifurahi, hewa haipiti: oksijeni, salbutamoli, prednisoloni, na gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Yule wa moshi, oksijeni yake ielekee asilimia 88 hadi 92, usimfungulie bomba lote.