Upepo Ukikaza, Usipunguze Mwendo

Nilipokuwa na miaka 13, kila upepo ulipofika noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa) tumbo lilinishika ghafla. Leo nafundisha watoto mashua za mashindano, na wagonjwa wa namna yangu nawatambua kwa uso tu.

Siwalaumu. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye tanga huongezeka mara nne. Mtoto anayecheza na noti 10 hajui bado noti 20 ni kitu gani.

Lililonitisha mimi ni kugeuza tanga upepo ukiwa mgongoni. Nilikuwa nasubiri mashua ipoe kwanza, ndipo nigeuze. Nilipinduka mara sita katika zoezi moja! Nilikuwa nimelishika jambo kinyume. Upepo ukiwa noti 20 nawe unakimbia mbele yake kwa noti 8, tanga linabeba noti 12 tu. Mashua ikipoa, mzigo wote unalirudia, na ule mti wa chini ya tanga unavuka kwa kishindo. Kwa hiyo ngoja mashua iteremke na wimbi, ikiwa kwenye kasi kabisa, hapo ndipo uinamishe kichwa na kugeuza. Tanga likishavuka, nyoosha usukani papo hapo. Wengi hukosea hapa: wanashangilia kuvuka salama, usukani bado umepinda, mashua inazunguka kuukabili upepo na kuwamwaga.

Ukibisha, yaani ukipanda kuelekea upepo unakotoka, kaza kamba zinazolilaza tanga liwe bapa, na upepo wa ghafla ukipiga legeza demani, ile kamba ya kuvuta na kuachia tanga, kabla mashua haijalala. Mashua iliyolala upande inapendeza kwenye picha tu. Majini inakokota na usukani unakuwa mzito.

Ukipinduka, usipande ubao wa chini, ule unaotokeza chini ya mashua, ili kuiinua kabla hujaiachia demani. Tanga lililofungwa likiinuka linashika upepo tena, na mashua inakuangukia upande wa pili.

Boti ya kocha iwe karibu muda wote. Isipokuwepo, fanyeni mazoezi ya viungo nchi kavu.

Mimi sivuki dakika 45 siku kama hizo. Mikono ikichoka, mtoto huizungushia demani kiganjani ili apumzike, na ukija upepo wa ghafla hawezi tena kuiachia. Nikiona mmoja kafanya hivyo, napiga filimbi wote warudi.