Usiyang'oe maboga: barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Muheza, mwezi Machi

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Tumeingia kumi la pili na funga inakwenda, isipokuwa joto. Masika bado yanatuchezea: wingu linafunga, linanguruma upande wa Amani, halafu linaondoka zake.

Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Uliandika hivi: "Mama, maboga niliyopanda nyuma ya nyumba yametoa maua kama kumi na tano, yote yameanguka, hata boga moja sijaona. Niyang'oe nipande matembele? Na lile boga ulilonipa nililikata, nimelila siku tatu mpaka nimelichoka, bado nusu zima limo kwenye friji. Nilifanyeje?"

Ningekujibu kwa simu, lakini kwa simu wewe husikilizi. Unasema "sawa mama, sawa mama" huku unafanya mambo yako. Kwa hiyo nimeandika, na mdogo wako ndiye aliyenichapia. Ukiona pahala pana vicheko, si mimi.

Kwanza kabisa, usiyang'oe.

Ile picha uliyonitumia nimeitazama vizuri. Kila ua limekaa juu ya kijiti kirefu chembamba, na chini ya ua hakuna kitu. Hayo ni maua dume. Kazi yake ni kutoa ule unga wa njano, na yakishautoa yanaanguka. Shina la boga hutanguliza madume, pengine wiki nzima, pengine mbili, ndipo majike yaanze kuchungulia. Ua jike hulikosei: kikonyo chake ni kifupi na kinene, na kabla hata halijachanua utaona kiboga kimekwisha kukaa chini yake, kidogo kama gololi. Hayo bado kwako. Uliyoyalilia ni madume yaliyomaliza zamu yao.

Watu husema ukipenda boga upende na ua lake, na mara nyingi wanamsema mwanamke anayeolewa na watoto wake. Bibi yako alikuwa akiisema shambani, na alikuwa na maana ya ua hilihili. Asubuhi akipita anainama kuyatazama, sie watoto tunamcheka. Kumbe alikuwa anahesabu majike.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapokosa. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi limeshajikunja. Ua jike lina asubuhi moja tu. Nyuki wasipopita asubuhi hiyo, kile kiboga kitageuka manjano kuanzia nchani, kitanyauka, na baada ya siku chache kitaanguka. Wewe utasema ni ugonjwa, kumbe ni ua halikupata mwenziwe. Na nyuki kwako watatoka wapi? Uliniambia mwenyewe ulipuliza dawa kwa sababu ya wale wadudu wekundu wanaotoboa majani. Uliipuliza saa ngapi? Kama ni asubuhi, uliwaua nyuki pamoja na wadudu. Wale wekundu waokote kwa mkono mapema, wakati umande bado umewalemaza, uwatie kwenye kopo la maji ya sabuni. Kwa mashina machache uliyonayo hiyo si kazi ya mtu kulalamikia.

Na nyuki wasipokuja, uwe nyuki mwenyewe. Mwezi huu unaamka kula daku, basi ukishaswali alfajiri usirudi kulala. Subiri kupambazuke vizuri, utoke na kikombe chako mkononi... aa, nimesahau, umefunga. Toka mikono mitupu. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi ileile, ulitoe yale majani yake ya njano yote, kibaki kile kijiti cha katikati chenye unga. Kipakaze kwenye kitovu cha ua jike, polepole, pande zote. Mimi hutumia madume mawili kwa jike moja, nisije nikabahatisha. Ikishika, kiboga kitaanza kuvimba ndani ya siku chache na utakiona kwa macho.

Jambo la pili ni mbolea. Magunia mawili ya samadi ya kuku, tena mbichi, kwenye kiwanja cha ukubwa wa sebule! Ndiyo maana majani yako yamekuwa kama miavuli. Boga likishiba namna hiyo linanenepa majani na kuchelewa kuzaa. Usiongeze chochote sasa. Mwakani itafute samadi iliyokwisha kuoza, isiyonuka tena, debe moja kwa shimo latosha sana.

Umepanda pia kwa kubanana. Nimehesabu mashina manane kwenye picha, na hapo pangetosha matatu. Boga linataka nafasi ya hatua mbili kubwa kutoka shina hadi shina, maana linatambaa. Kwa hiyo chagua matatu yenye nguvu, mengine kata. Nimesema kata, usivute, usije ukang'oa na mizizi ya jirani yake. Na usitupe, maana majani yake ndiyo msusa wako wa futari.

Mashina yanayobaki, yanapotambaa, funika kila kifundo kwa udongo kidogo. Pale kwenye kifundo litatoa mizizi mingine, litakunywa maji zaidi, na ule upepo wenu wa Dodoma hautalipindua. Mvua yenu ni ya msimu mmoja, na ikifika Aprili hamna uhakika nayo tena, kwa hiyo tandaza nyasi kavu shinani udongo usikauke. Ukimwagilia, maji yaende shinani, usiyaoshe majani.

Msusa mpishi wake ni mkono. Chuma ncha changa pamoja na majani mawili matatu yanayofuata, yaliyokomaa yaache, yana miba. Vunja kikonyo kidogo ukivute, zile nyuzi zitakuja zenyewe mpaka chini ya jani. Ukiziacha zitakukwama kooni na utasema mama hajui kupika. Yafikiche kwa viganja, yaoshe, kata, chemsha kwa maji kidogo, kisha tia kitunguu, nyanya na tui. Huko Dodoma nazi ni ghali, najua, basi tia karanga za kusaga, hazina ubaya. Maua dume nayo yanaliwa, ukishatoa kile kijiti cha katikati unayakatia humohumo. Ila usiyamalize, majike yanakuja na yatayahitaji.

Ukishapata viboga, adui yako ni nzi wa matunda. Anatoboa kiboga kikiwa kichanga, anataga mayai ndani, na nje utaona kidoti tu chenye utomvu. Kile kilichoshika kifunge kwa mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi, mpaka ganda lianze kuwa gumu. Kilichooza usikitupe pembeni ya ukuta, maana funza watatoka wageuke nzi wengine. Kifukie chini sana au kifunge kwenye mfuko mweusi ukiweke juani siku kadhaa.

Kuvuna usiwe na pupa. Tangu kupanda ni miezi mitatu, hata minne. Kikonyo kitakauka kiwe kama ukuni, na ukilibonyeza boga kwa ukucha haupenyi. Likate na kikonyo chake, kirefu kama kidole, wala usilibebe kwa hicho kikonyo. Kikivunjika, pale ndipo uozo unapoingilia. Lianike siku kama kumi ganda likaze, kisha liweke mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao, lisigusane na mwenziwe. Hivyo litakaa miezi miwili mitatu bila wasiwasi. Mwaka ule uliokwenda bweni nilipanga maboga sita chini ya kitanda chako, juu ya sakafu ya saruji. Uliporudi likizo ukauliza chumba kinanuka nini, nikasema panya. Hayakuwa panya.

Sasa hilo nusu lako. Kama halina utelezi wala harufu ya uchachu, bado ni zima. Ila nina hakika umeliacha na mbegu zake ndani. Boga huanza kuoza kutoka kwenye zile nyuzi za katikati, kwa hiyo ukilikata tu, komba mbegu na nyuzi zote siku hiyohiyo, hata kama unapika kipande kimoja. Likikombwa na kufunikwa linakaa kwenye friji siku nne tano. Leo ni ya ngapi? Basi lishughulikie leoleo.

Kipande cha futari kipike hivi, maana nadhani ulikuwa unalichemsha kwa chumvi tu, ndiyo ukalichoka. Likate vipande vikubwa na ganda lake, lipike kwenye tui jepesi, likishalainika mimina tui zito, sukari, iliki ya kutwanga na chumvi kidole kimoja. Usikoroge, tikisa sufuria. Liache mpaka tui lishikane na boga. Halafu ile rangi ya manjano iliyokoza ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na mwili unaipokea vizuri ikiwa na mafuta. Kwa hiyo usinibanie tui kwa kisingizio cha bei.

Linalobaki lichemshe lote kwa maji kidogo, lichote kwa kijiko uache ganda, liponde liwe rojo, ulitie kwenye mifuko midogo ya kikombe kimoja kimoja, ugandishe. Hapo umekwisha kuliokoa. Siku ukitaka chapati, kikombe kimoja cha rojo kwa vikombe vitatu vya unga, chumvi, mafuta vijiko viwili vikubwa. Usitie maji mwanzoni! Rojo lina maji yake, kanda kwanza uone, kisha ongeza tone kwa tone. Chapati zitatoka na rangi ya kupendeza na kesho yake bado laini. Maandazi vivyo hivyo, na sukari utapunguza. Kwenye uji wa daku tia vijiko viwili tu vya rojo.

Mbegu zioshe, uzitandaze kwenye ungo, si kwenye gazeti, zitagandamana. Zikikauka zikaange kavu na chumvi. Au zitwange uzitie kwenye msusa badala ya karanga, ni tamu kuliko unavyodhani. Usizipande zile, maana boga hilo lilikuwa karibu na maboga mengine ya mama wa jirani, na sijui nyuki waliwaozesha nani na nani. Na jambo moja usilipuuze: boga lolote ukilionja likawa chungu, liteme, mwaga sufuria yote. Huo uchungu hauondoki kwa sukari wala kwa tui, na unaumiza tumbo vibaya. Mimi nimewahi kumwaga sufuria nzima na nazi zake mbili, roho ikiniuma, lakini nilimwaga.

Ila nikuambie, baba, nimekaa nikafikiri juu ya neno lako, "nimelichoka." Boga lile lilikuwa la kilo nane. Nilipolitia kwenye begi lako sikuwa na akili ya kwamba unakaa peke yako. Nimezoea boga likikatwa hapa nyumbani, halifiki jioni. Bibi yako alikuwa hashiki kisu kabla hajahesabu nyumba. Hiki cha kwa mwalimu, hiki cha kwa yule bibi asiyetoka, hiki cha kwa fundi. Kila mtoto anapewa sahani na onyo asiikung'ute njiani. Wewe ulikuwa wa kwa fundi kwa sababu kule walikurudishia sahani na ndizi mbivu.

Umesema hapo Nkuhungu una mwaka wa pili na jirani wa mkono wa kulia humjui hata jina. Una ukuta, ana ukuta. Lakini mwezi huu mtu akigonga geti na sahani ya futari kabla ya magharibi hakuna anayeuliza umetaka nini. Leo pika hilo boga la nazi, ule unachoweza, na sahani moja ipeleke. Kama hafungi mpelekee vilevile, njaa ya jioni ni ileile. Na mwambie una msusa mwingi, aje achume.

Mbegu za kupanda mwakani nitakutumia kwa basi, nimezitenga kwenye chupa ya kahawa. Ni za boga lile la ganda la kijivu ambalo baba yako alikuwa anakaa juu yake kama kigoda.

Ukiona ua jike la kwanza nipigie, hata ikiwa alfajiri. Niko macho.

Na lile bakuli langu la mfuniko wa bluu uliloondoka nalo mwezi uliopita, usilipelekee jirani. Tafuta sahani yako.

Mama yako