Ukinunua vyuma vya zamani vya gofu, vigeuze uone soli kwanza

Watu wakijua kwamba vyuma vya gofu ninavyopigia (fimbo zenye kichwa bapa cha chuma) vilitengenezwa kabla sijaanza darasa la kwanza, wanadhani ni ubahili au ubishi tu. Bei imo, sikatai. Seti nzima ya miaka ya themanini inaweza kupatikana kwa fedha inayokaribia ya chuma kimoja kipya cha dukani. Ila kwa sisi tunaojifunzia gofu hapa Dodoma ipo sababu nzito kuliko bei, nayo ni ardhi tunayoikanyaga.

Mvua zetu zinaanza Desemba na kuishia Aprili, na kwa kawaida zote kwa mwaka hazifiki milimita 600. Kuanzia Juni ardhi inakuwa ngumu, changarawe juu, vumbi chini. Ninapofanyia mazoezi mimi, upande wa Ihumwa, kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, mpira haukai juu ya majani hata kidogo. Unakaa kwenye udongo mtupu. Pale ukija na chuma cha kisasa chenye soli (sehemu ya chini ya kichwa) pana iliyovimba, soli ndiyo inayogonga ardhi kwanza, inadunda, na makali ya mbele yanaupiga mpira tumboni. Mpira unaondoka chini kwa chini kwa kasi ya ajabu na mikono inabaki inawasha. Soli za namna hiyo zimetengenezwa kwa majani mazito na udongo laini. Chuma cha zamani soli yake ni nyembamba, makali yanakaa karibu na ardhi, kwa hiyo yanaingia chini ya mpira bila kudunda. Ndiyo maana mtu akinitumia picha ya seti anayotaka kununua, naye amepiga picha nembo peke yake, namwomba avigeuze anipigie picha ya chini.

Kuna familia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni bledi: mgongo laini, kichwa kidogo, chuma kimefuliwa na kupakwa kromu. Humo utakutana na chapa kama Wilson Staff, MacGregor, Ben Hogan, Mizuno, na John Letters ya Uskoti na Slazenger ya Uingereza. Ya pili ni kaviti, ambazo mgongo umechimbwa na uzito ukasukumwa pembeni, ili ukikosea katikati mpira usiadhibiwe sana. Aliyeisambaza kaviti duniani ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei aliyekuwa mhandisi wa General Electric huko Marekani, mtu aliyeanza gofu akiwa na miaka zaidi ya 40, akachukizwa na fimbo zilizokuwapo, akaanzisha kampuni ya PING. Vyuma vyake vya Eye 2 vilitoka mwaka 1982 na hadi leo ndivyo unavyokutana navyo mara nyingi kwenye mitumba ya gofu.

Msimamo wangu ni huu: kama handikapu yako (mapigo ya ziada unayopewa kulingana na uwezo wako) iko juu ya 20, au huna handikapu kabisa, achana na bledi. Usidanganywe na uzuri wake, na ni nzuri kweli. Tafuta kaviti ya miaka ya themanini au mwanzoni mwa tisini. Soli ya Eye 2 ni pana kidogo kuliko ya bledi, lakini imeviringwa, hivyo kwenye ardhi ngumu inateleza badala ya kudunda. Bledi mpe mtu ambaye mpira anaupata katikati mara nyingi kuliko anavyoukosa, au yule anayetaka chuma namba 7 kimoja cha mazoezi kimwambie ukweli. Bledi ukiikosa, hasa asubuhi za baridi za Julai, vidole gumba ndivyo vinavyokwambia.

Eye 2 zina alama ya nukta ya rangi karibu na shingo. Nukta nyeusi ni mkao wa kawaida, yaani pembe ya mti wa fimbo na ardhi. Nyekundu inamaanisha kichwa kimelazwa zaidi, bluu kimesimamishwa zaidi. Mtu mfupi akichukua seti iliyosimamishwa kwa ajili ya mtu mrefu, mipira yake itavutwa kushoto kila siku naye atabaki kulaumu mabega. Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi: baadhi ya Eye 2 zina rangi ya shaba iliyokolea, na hizo ni shaba iliyochanganywa na beriliamu. Kuzipigia hakuna shida. Usizipige msasa, usizikate, usimpe fundi azisage, maana vumbi la beriliamu likiingia mapafuni ni sumu.

Utasikia pia kwamba mifereji ya Eye 2, ile mistari iliyochimbwa usoni mwa chuma, ni haramu. Ulikuwepo mgogoro kweli kati ya PING na wasimamizi wa sheria za gofu, ukaisha kwa makubaliano mwaka 1990, na zilizotengenezwa kabla ya Aprili mwaka ule zikaruhusiwa. Kwa vyuma vya zamani, sheria mpya ya mifereji iliyoanza 2010 inawahusu zaidi wachezaji wa mashindano makubwa. Sisi wa ridhaa tunaogombea kikombe cha mwezi tupige tu.

Sasa ukaguzi. Hapa ndipo fedha inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vyuma vingi vya zamani vinavyotufikia vinatokea Pwani. Kuna wazee waliocheza miaka mingi Dar es Salaam, wakaacha, mabegi yakabaki stoo. Hewa ya bahari inakula chuma polepole, na inaweza kuanzia ndani ya shafti, yaani mti wa fimbo, ambako huoni. Shika fimbo kwenye mpini, kichwa kikiwa chini, itikise karibu na sikio. Ukisikia punje zinachachatika ndani, huenda ni gundi kavu iliyovunjika, huenda ni kutu. Pitisha ukucha juu ya shafti kuanzia juu hadi shingoni. Madoa ya kutu ya juu juu hayakwaruzi ukucha. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, hasa ile sehemu ya chini karibu na kichwa, iache. Shafti hiyo siku moja itakatika, na kichwa cha chuma kinachoruka hewani si mchezo.

Kisha zipange zote ukutani, kutoka namba 3 hadi weji, chuma cha mapigo mafupi chenye uso uliolala zaidi. Kila moja inatakiwa kuwa fupi kuliko iliyotangulia kwa nusu inchi hivi, na zile ngazi ndogo kwenye shafti zishuke kwa mpangilio. Ukiona namba 6 na namba 7 zimelingana urefu, ujue kuna iliyokatwa au iliyobadilishwa shafti. Shika kichwa, shika shafti, zungusha kwa nguvu. Kisicheze hata kidogo. Kile kipete cheusi cha plastiki pale shingoni kikiwa kimepanda juu na kuacha mwanya, gundi imeanza kuchoka. Hiyo inatengenezeka kwa gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, ila iwe hoja ya kupunguziwa bei.

Angalia uso, ule unaogonga mpira. Namba 7, 8, 9 na weji ndizo zinazochakaa. Namba 3 utaikuta inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na usimshangae muuzaji, hakuna aliyeiweza. Kwenye namba 9 tafuta doa lililopoteza mng'ao. Likiwa katikati, mwenyewe alikuwa mpigaji na mifereji imelika, kwa hiyo mpira hautazunguka sana. Likiwa kwenye ncha au kisigino, huenda mkao wa fimbo haukumfaa. Je, wewe utakufaa? Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mnene kwenye mpira, uweke mstari huo ukiwa wima na ukitazamana na uso wa chuma, kisha piga. Wino utahamia usoni. Mstari ukisimama wima, fimbo ni yako. Ukiegemea upande mmoja, mkao haulingani na mwili wako. Jaribio hili halina gharama na halijawahi kunidanganya.

Vyuma vya kufuliwa vinaweza kupindwa shingo kidogo kurekebisha mkao, kwa mashine yake na mtu anayejua. Vile vya kumiminwa vya chuma kisichoshika kutu ni vigumu na vinaweza kupasuka. Na kwa vyovyote, fundi wa kuchomelea asiviguse. Moto ukifika shingoni gundi inalegea na kromu inaharibika, halafu kitu kikipinda kwa kukisia hakitalingana tena na wenzake.

Kutu ya juu inatoka. Siki usiku mmoja, brashi ya meno, kisha suuza, kausha na upake mafuta ya cherehani kidogo. Kromu ikiwa imeanza kubanduka, usiifukuze kwa stiliwaya, utaongeza kidonda. Hapa kwetu hewa ni kavu, kwa hiyo chuma ukishakisafisha kinatulia.

Kinachoteseka Dodoma ni gripu, ile raba ya mpini. Jua letu linakausha raba mpaka inakuwa ngumu na kuteleza mkononi, na seti ya zamani karibu kila mara inahitaji gripu mpya. Namna ya kawaida ni tepu ya kunata pande mbili pamoja na kimiminika cha kulainisha. Mimi nazipeleka kwa fundi wa pancha Nkuhungu. Unazungushia shafti tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, unaanzisha mdomo wa gripu kwenye ncha ya shafti, kisha fundi anaweka bomba la kompresa kwenye tundu dogo la juu ya gripu na kuachia upepo. Raba inavimba, inateleza yenyewe mpaka chini kwa sekunde chache, upepo ukikatwa inabana. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka, hii nayo ina pancha?" Sasa anafanya mwenyewe na ananitoza kama kujaza tairi la bajaji. Mwambie aachie upepo kidogo kidogo, ukizidi gripu inapasuka. Baada ya hapo subiri dakika chache, tazama kama mistari imenyooka, na kama imepinda mwambie aijaze tena uizungushe.

Kuhusu namba iliyoandikwa chini ya soli: isahau. Chuma namba 7 cha miaka ya sabini kilikuwa na mlalo (kiasi uso ulivyolala nyuma) wa nyuzi 38 hadi 40. Namba 7 za siku hizi nyingi ziko kati ya 28 na 34. Maana yake namba 7 yako ya zamani inafanya kazi ya namba 9 ya jirani yako. Akisema anafika grini (uwanja mdogo wa majani mafupi penye shimo) kwa namba 8, wewe toa namba 6 bila aibu. Kilichobadilika ni herufi na tarakimu, mpira hauwezi kusoma. Pima mwenyewe: piga mipira mingi kwa kila chuma, tembea hatua, acha ile mizuri sana na ile mibaya sana, andika ya katikati kwenye kijitabu. Na ukiwa shambani, kabla ya kupiga tazama mbele na pembeni. Watoto wanaochunga mbuzi wanatokea kwenye vichaka ghafla.

Huo mlalo wa zamani una faida moja ambayo wachezaji hawaigundui hadi wapange begi. Weji ya kawaida ya seti za kisasa ina nyuzi 43 au 45, halafu ya mchanga ina 56, kwa hiyo katikati kuna shimo na inabidi ununue weji nyingine ya kuliziba. Weji ya zamani ina 50 hivi. Ukiongeza ya mchanga ya 56, umemaliza. Nafasi inayobaki katika zile fimbo 14 zinazoruhusiwa, weka haibridi mbili, fimbo za kichwa kinene zinazopigika kirahisi, badala ya namba 3 na namba 4. Hakuna sheria inayosema seti iwe ya kiwanda kimoja au ya umri mmoja.

Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda kucheza Dar, kwa mfano uwanja wa Lugalo, hakuhitaji tena siku nzima ya barabara. Lakini vipimo vya kijitabu vinahitaji marekebisho ukishuka. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Mpira unaokwenda mita 130 hapa, kule ufukweni utaanguka mita 5 hivi kabla. Ongeza chuma kimoja pale unapokuwa katikati ya fimbo mbili, hasa upepo wa bahari ukiwa usoni. Na majani ya kule ni mazito, chuma chenye soli nyembamba kinazama ukikipiga kwa kuchimba kama ulivyozoea kwenye udongo mgumu. Piga mpira kwanza, ardhi baadaye.

Mambo ni hayo hayo mvua zikianza kwetu. Januari shamba lile lile linakuwa tope, na soli niliyoisifia mwanzoni inageuka jembe. Kwa vyuma vya kati navumilia kwa kupiga nusu pigo. Kwa pigo fupi za kuzunguka grini naiweka kando weji ya zamani na kutumia ya kisasa yenye soli nene hadi Aprili iishe, kisha naipaka ile ya zamani mafuta na kuirudisha begini.