Usijumlishe 622: kwa mnaoanza kusoma tarehe (historia) ya Uislamu

Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu kuanzia mstari wa pili. Nilikuwa nimeandika kwamba maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, yenye mwaka 500 wa Hijria, ni ya mwaka 1122. Nilichukua 500, nikajumlisha 622, mwaka wa Hijra, basi. Jibu ni 1107. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka yake 33 ni kama 32 ya Miladia, kalenda ya kawaida. Gawa kwa 33, toa utakachopata, ndipo uongeze 622: 500 toa 15 ni 485, na 622 juu yake, 1107. Hesabu hiyo yaweza kupishana mwaka mmoja, maana mwaka wa Hijria kwa kawaida hushika miaka miwili ya Miladia. Ndiyo maana mimi huandika yote miwili.

Sisi wa pwani tuna mtego wetu wenyewe. Nyumbani tunahesabu miezi kuanzia Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, na Maulidi yako Mfungo Sita. Fungua kitabu cha Kiarabu: mwezi huohuo, Rabiul Awwal, ni wa tatu, kwa kuwa mwaka unaanza Muharram, ambao kwetu ni Mfungo Nne. Mtume (s.a.w.) aliingia Madina Rabiul Awwal. Khalifa Umar alipoweka kalenda, miaka kama 17 baadaye, mwaka ulihesabiwa tangu Muharram. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mwaka 1 na siku ya kufika Madina zimeachana miezi miwili na ushei, na sasa ninayesahihisha ni mimi, insha zinazozichanganya haziniishi mezani. Walau jambo moja tumeshalipata bure: aliyelelewa na bibi anayesema "leo usiku wa Ijumaa" Alhamisi jua likichwa hahitaji kufundishwa kwamba siku inaanza magharibi.

Majina nayo. Ukiandika "Abdullah amesimulia", yupi? Kuna bin Umar, bin Abbas, bin Zubeir na bin Amr. Wanne hao wanazuoni huwaita Abadila. Andika jina la baba kila mara, hata ukionekana unajaza ukurasa.

Kubwa zaidi ni umbali. Mtume alifariki mwaka 632. Ibn Is-haq, mkusanyaji wa sira (habari za maisha ya Mtume) tunayoitegemea sana, alifariki karibu na 767, na kazi yake tunaisoma hasa kwa mkono wa Ibn Hisham, aliyefariki 833. Tabari, mwanahistoria, alifariki 923. Mwanafunzi mgeni ama anavisimulia vita vya Badr kana kwamba alikuwepo, ama akishaliona pengo anatupa kila kitu. Nimepita kote kuwili, huko kwa pili kwa kiburi cha ujana. Kilichonisaidia ni kusoma sanadi, ile "fulani kutoka kwa fulani" ambayo macho huiruka. Tabari huweka riwaya (masimulizi) mbili zinazopingana bega kwa bega, kila moja na sanadi yake.

Chukua kifo cha Umar. Tunasoma kwamba alichomwa jambia siku za mwisho za Dhulhija mwaka 23, na ipo riwaya kwamba alizikwa siku ya kwanza ya Muharram, mwaka 24. Sasa huko Saudia, karibu na Al-Ula, kuna mwamba alioandika mtu aitwaye Zuhair: kwamba aliandika wakati alipofariki Umar, mwaka wa 24. Nikiwaonyesha wanafunzi, hakosi wa kudakia, "Basi mwamba umemaliza ubishi!" Huwauliza: mwaka 23 ulikuwa umebakiza siku tatu nne hivi. Kutoka Madina hadi Al-Ula ni kama kilomita 300. Kama Zuhair aliipata habari akiwa hukohuko, ngamia alitembea siku ngapi?