Anayekupenda ndiye anayekuongezea sahani

Salamu aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Tudor, Mombasa, na nauza leso Biashara Street. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikiniuma kila nikiamka. Presha ikasoma 150 kwa 95. Nikapandishwa mizani, kilo 94. Daktari akaniandikia dawa, akaniambia nipunguze mwili. Vipi, hakusema. Foleni ilikuwa ndefu.

Shangazi, kupunguza nimejaribu. Nimekunywa chai ya kukata tumbo niliyouziwa shilingi 2,500, ikaniharisha siku tatu. Nimeingia kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili, kila Ijumaa mtu anatuma picha ya mizani. Wiki ya tatu nilikuwa nimeongezeka kilo moja, nikaona haya, nikatoka kimyakimya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekwenda wapi. Binti yangu akaniwekea programu ya kuhesabu hatua kwenye simu. Inalia, naizima.

Peke yangu siwezi, hilo nimelikubali. Nataka mtu wa kunishika mkono, lakini nani? Dada yangu, ambaye ndiye mwandani wangu, anasema mwanamke ni mwili, na nikikonda watu watadhani nina maradhi. Mume wangu, mtu mwema wallahi, akitoka kazi bandarini usiku huniletea viazi karai na mishkaki, na nikikataa hununa. Kwenye chama chetu tuko wanawake kumi, kila mwezi ni biriani kwa mwenye zamu, na mwenye zamu hakubali usile. Dukani nako sina wa kuzungumza naye ila mama wa duka la pili anayeuza mashuka, naye hatujazoeana. Ana sukari, huja kazini kwa miguu kutoka Tononoka na hula vitu vyake kwenye kibakuli.

Juzi mteja alitaka nimwonyeshe leso inavyokaa ikifungwa. Nikajizungushia, pindo zikagusana tu, hazikupitana. Mteja hakusema kitu. Nikasema mimi: "Hii imekatwa ndogo." Si kweli, Shangazi. Zote hukatwa sawa.

Nimshike nani?

Mwenye leso fupi, Tudor

*

Waleikum salam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka. Sikucheka kwa ajili ya leso, hiyo ilinichoma. Nilicheka kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba anayoitafuta. Tutalirudia. Kwanza tumalizane na dada yako.

Wewe unatafuta wa kukushika miongoni mwa wanaokupenda, na hapo ndipo unapokwama. Mapenzi ya kwetu pwani hupitia mkononi. Sinia likishawekwa chini mkakaa watano, nani anajua umekula kiasi gani? Hata wewe hujui. Ukisita kidogo tu, dada yako anavunja mnofu wa kuku kwa vidole vyake na kuusogeza upande wako wa sinia, huku anaendelea na hadithi yake, wala hakutazami. Ukiumaliza, unakuta mwingine. Mtu aliyekupenda namna hiyo tangu utotoni hutamgeuza leo awe askari wa chakula chako. Na hata akikubali, siku utakayoteleza atakwambia "siku moja haiui." Atakusamehe kabla hujamaliza kusimulia.

Wewe unamhitaji mtu asiyekuwa na haraka ya kukusamehe wala hamu ya kukusuta. Mtu wa kuuliza tu, na wa kungoja jibu.

Mimi mwenyewe nilitembea miaka miwili na mwanamke ambaye mpaka leo sijui mumewe anaitwa nani. Tulikuwa tukikutana ufukweni Mama Ngina baada ya swala ya alfajiri, chini ya mbuyu mmoja, kabla wenye kachiri hawajawasha makarai yao. Kabla yake nilijaribu kutembea na mdogo wangu. Tulidumu siku nne, ya tano tukapikiana chai. Huyu mwingine sikuweza kumpigia simu kumwambia nina usingizi, hatukuwa na mazoea hayo. Nilikuwa nikimfikiria amesimama peke yake chini ya mbuyu akinitazamia, basi nainuka, wakati mwingine kwa hasira. Kumbe kilichoniinua miaka yote miwili kilikuwa haya, si hamu ya mazoezi.

Kuna mama mmoja wa nyumbani wa Queens, New York, aliyeitwa Jean Nidetch. Alikuwa anahudhuria kliniki ya uzito ya mji, anapewa orodha ya vyakula, anaitikia vizuri. Asilolisema kliniki ni kwamba nyumbani alikuwa na biskuti alizozificha bafuni, kwenye kikapu cha nguo chafu. Mwaka 1961 akawaita wanawake sita rafiki zake nyumbani, wanene kama yeye, akawatobolea. Walikuwa rafiki, ndiyo, lakini siku ile hawakuja kuandaliwa. Kila mmoja alikuwa na biskuti zake mahali, na kila mmoja akasema ziko wapi. Wiki iliyofuata wakarudi. Mwaka 1963 mikutano ile ikawa kampuni, Weight Watchers, ikaenea nchi nyingi. Biashara yao mimi hainihusu. Ninachokuonyesha ni kwamba yale ambayo daktari hakuambiwa, aliambiwa mwenye donda lilelile.

Sasa ile kilo 94 isikutie kiwewe. Wamarekani walifanya utafiti wa kuzuia kisukari, matokeo yakachapishwa 2002. Zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa maradhi hayo waligawanywa, na kundi moja likapewa kazi mbili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au mazoezi kama hayo dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo likapunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Watu hukariri hiyo 58. Mimi nilichokishika ni kwamba kila mtu katika kundi lile alikuwa na mwalimu wake, wakikaa wawili ana kwa ana, vikao 16 katika miezi sita ya kwanza tu. Hawakupewa karatasi wakaambiwa nendeni. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na nusu, na ukizipata kwa nusu kilo kwa wiki unakwenda mwendo mzuri. Umbo la miaka 20 hatulitafuti.

Na usijilaumu kwamba zamani ulikuwa ukila hivihivi na hunenepi. Kati ya miaka 45 na 55 wengi wetu hedhi hukoma. Homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huhamia tumboni. Juu ya hayo misuli hupungua na umri, na misuli ndiyo inayochoma chakula. Kwa hiyo kutembea peke yake hakutoshi, siku mbili kwa wiki mwili ubebe kitu. Wewe una duka: doti za rafu ya juu zishushe na kuzipanga mwenyewe, usimwachie kijana kila kitu. Inuka kitini bila kushika meza, mara kumi, wateja wakipungua.

Haya, turudi kwa yule mama wa mashuka. Umemtaja mara moja, na umemtaja kama malalamiko. Hatujazoeana, umesema. Ndiyo sifa yake ya kwanza! Hakudai ule biriani lake, na hatanuna. Ana sukari, kwa hiyo mambo ya kibakuli na ya kliniki anayajua kuliko mimi na wewe. Anatembea kutoka Tononoka, na wewe ukishuka kutoka Tudor kwa miguu Tononoka haiko mbali na njia yako. Nusu saa kwa siku, siku tano, hesabu mwenyewe: ni dakika 150 zilezile, na nauli ya tuktuk imebaki kwenye pochi.

Usimwombe akusimamie, hiyo ni kazi nzito kumpa mtu wa salamu tu. Mwombe mwende pamoja. Mkishazoea njia, ndipo muwekeane maswali mawili ya kuulizana kila asubuhi, yaleyale kila siku. Lako nalipendekeza hili: "Jana chai ulitia vijiko vingapi?" Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vyema sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku, kama vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya chai yetu ya maziwa tayari umevimaliza, na soda ya kola ya mililita 300 peke yake inakaribia vijiko vinane. Swali la pili: "Baada ya isha ulikula?" Hapo ndipo viazi karai vitakapotajwa. Naye akupe maswali yake umuulize, maana akiwa yeye tu anakuuliza, wiki ya pili atakuwa mkwe. Kitu kimoja zaidi: ikiwa anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, awe na peremende au pakiti ya juisi mkobani, isije sukari ikashuka mno njiani, na wewe ujue iko mfuko gani.

Kilo msiulizane. Kilo hupanda na kushuka kwa chumvi na maji tu. Wewe kilo moja ilikutoa kundini, tena kundi la watu mia mbili ambao hakuna aliyekujua. Watu mia mbili ni hadhara, na hadharani mtu huonyesha yaliyo mazuri peke yake. Kama unataka kipimo, mara moja kwa mwezi nenda kwa fundi wako wa cherehani akupitishie futi kiunoni. Kwa mwanamke, kiuno kikivuka inchi 35, yaani sentimita 88, hatari ya moyo na sukari huwa imepanda sana. Fundi hatakuhubiria, atakwambia inchi ngapi kisha akuulize kitambaa kiko wapi.

Ile chai ya 2,500 nadhani tumeelewana. Ulipungua maji, maji yakarudi.

Chama usikitoke. Pesa zako zimo, na mwanamke wa umri wetu hahitaji kupunguza watu. Omba sahani yako, usile kwenye sinia. Sema tumbo linakusumbua, au sema kweli kwamba daktari amekukataza, presha haina aibu. Sahani ina ukingo unaouona, na mnofu ukisogezwa na dada utauona umetua. Jaza kachumbari kwanza. Wakianza "umekonda, una nini, mume anakutesa?", na wataanza ukishapungua kilo nne tu, uwe na jibu moja fupi ulilolizoea: "Presha, mama, nafuata dawa." Usianze kujieleza, ukijieleza watakushinda. Tena sitashangaa wawili au watatu wakikufuata nje kukuuliza kwa sauti ya chini unafanyaje.

Mumeo mwachie kazi moja. Yule bwana hakuletei viazi karai, anakuletea ushahidi kwamba alikuwa akikufikiria bandarini. Ukimkatalia karatasi yake ya moto usiku, unamkatalia hilo, ndiyo maana ananuna. Mchagulie kitu kingine cha kubeba: dafu, papai, samaki wa kuchoma. Viazi vyake vibaki Alhamisi, mkae mle pamoja, na Ijumaa asubuhi ukiulizwa useme kweli, vilikuwa vinne.

Ramadhani usiihesabu kama msaada. Kati ya kaimati, matobosha, mihogo ya nazi na tambi za sukari, wengi wetu huiaga Ramadhani wazito kuliko tulivyoipokea.

Dawa ya presha usiiache hata ukijiona mwepesi. Rudi kliniki tarehe uliyopewa, waambie unatembea na unapunguza, wao ndio watakaojua kama dozi ibadilishwe. Ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikukata njiani, simama, usijikaze, uende hospitali siku hiyohiyo.

Basi kesho ukifungua duka, kabla hujatundika leso ya kwanza, nenda mlango wa pili. Usibebe hadithi ndefu. Mwambie: "Mama, mimi natoka Tudor, nimeambiwa nitembee na peke yangu naona uvivu. Saa kumi na mbili na nusu nikupitie Tononoka?" Ukimaliza, nyamaza. Ngoja ajibu yeye.

Shangazi